Niliomba Gadi-Maladi, Wakanipa Kamera

Sauti ilikuwa ya mwanamke, na mwanzoni nililipwa kuisikiliza. Kila daktari aliyeniuliza ilianzia wapi nilimjibu "kazini", na kila mmoja alitikisa kichwa kwa upole, akaandika, kisha akaniuliza tena. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilianzia kwenye ghala moja kule Jeffersontown, Kentucky, na wenzangu wote wa zamu yangu walikuwa wakiisikia.

Asubuhi ukifika pale unapewa kifaa cha kuvaa masikioni, chenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo. Mashine inasema nawe humo. Inakuambia nenda safu fulani, rafu fulani. Ukifika unaisomea namba iliyobandikwa kwenye rafu, nayo ikiridhika inakuambia chukua maboksi mangapi. Ukimaliza unasema "redi", yaani tayari, inakutuma kwingine. Tulikuwa Wakongo wengi, na Wanepali, na Wakyuba, lakini hakuna aliyezungumza na mwenzake. Kila mtu alitembea peke yake akimjibu mtu asiyeonekana. Nilimtania mke wangu Riziki kwamba nimeoa wa pili, anaongea Kiingereza na hachoki.

Marehemu mama yangu, kule kwetu Fizi, Kongo, alitukataza kuitika tunapoitwa na mtu tusiyemwona. Nyamaza, alisema, mpaka uone uso. Nilimtii utotoni, nikamtii miaka yote ya kambi ya wakimbizi Tanzania, halafu nikaja Kentucky nikawa naitika kutwa nzima kwa mshahara. Sisemi kwamba hilo ndilo lililoniuguza. Nasema tu kwamba nilikuwa nalifikiria sana.

Haya nayaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa sasa hivi kwenye kiti kigumu cha hospitali huku mtu wako yuko nyuma ya mlango usioruhusiwa kuuvuka. Au labda wewe ndiye uliye nyuma ya mlango huo, na umetumiwa karatasi hizi na mtu wa kanisani. Udaktari siujui, na jina la ugonjwa wangu sitaliandika, maana limebadilishwa mara kadhaa na hakuna jina hata moja lililonisaidia kufunga vifungo vya shati. Nitakueleza tu yaliyonipata.

Majani yalipoanza kupukutika Shively, ambako tulikuwa tumepanga nyumba, sauti ilinifuata nyumbani. Niliisikia kwanza bafuni, maji yakiwa yanatiririka. Ikanitajia safu. Nami, kwa mazoea, nikasoma namba zilizoandikwa kwenye chupa ya sabuni, nikasema "redi". Riziki akagonga mlango.

"Baba Neema, uko nasema na nani?"

"Na kazi," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka. Binti yetu Neema alikuwa amekwisha kuolewa, anakaa mtaa wa pili, na Riziki alimpigia simu akamwambia baba yako sasa anafanya ovataimu chooni.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, sauti ilikuwa imeacha Kiingereza. Ilisema Kibembe, lugha ya kwetu, tena Kibembe cha zamani, chenye maneno nisiyokuwa nayo. Siku moja nilimuuliza Riziki neno moja maana yake nini. Hakulijua. Akampigia shangazi yake aliyebaki kwetu, mjini Baraka, na yule mama akauliza kwanza tumelitoa wapi. Akasema bibi zao walilitumia kwa kijia cha nyuma ya nyumba, kile anachopita mtu anayeondoka bila kuaga. Baada ya simu hiyo Riziki hakunitania tena.

Watu hudhani sauti za namna hii hutukana. Yangu haikunitukana hata siku moja. Ilinituma tu. Nenda mlangoni. Nenda kituo cha basi. Nenda ukasimame nyuma ya lile duka la matairi lililofungwa. Nilikwenda, na nikifika inanyamaza, na kimya hicho kilikuwa kitamu ajabu. Utamu huo ndio ninaouogopa mpaka leo. Jumapili moja polisi walinikuta nyuma ya duka hilo, miguu mitupu kwenye theluji, nikiusomea ukuta namba. Vidole vya miguu sikuwa navisikia kabisa. Walinifunika blanketi wakanipeleka hospitali.

Riziki alikuja na kila kitu. Alibeba sombe ya majani ya muhogo na bugali kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, beseni, mkeka, sabuni, kanga mbili na Biblia. Alikuja kama tunavyokuja kwetu, kuwa gadi-maladi. Kwa asiye Mkongo nieleze: hospitali za kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Anakuja na mtu wake, ndugu au mke au jirani, anayempikia, anayemwogesha, anayekwenda kumnunulia dawa, na anayelala chini ya kitanda chake. Huyo ndiye gadi-maladi. Mgonjwa asiye naye, watu humtazama wakajua kwamba huyo kwao wamekwisha kumzika.

Nilimwona kupitia kioo kidogo cha mlango. Walimwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Akakaa chumba cha kungojea, sufuria mapajani, chini ya televisheni isiyo na sauti, mpaka mlinzi akamwomba aende. Kesho yake akarudi na sufuria. Wauguzi walikuwa watu wema, sina neno nao, ila kila baada ya muda mfupi mmoja alichungulia, akaandika kwamba niko hai, akaenda zake. Nilijiona mtu aliyekwisha kuzikwa.

Dawa zilinipa mwili wa mtu mwingine. Mdomo ulikauka mchana, nikilala mto unalowa mate. Mikono ilitetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani. Nilinenepa tumbo na shingo mpaka Riziki akaninunulia suruali za mpira kiunoni, na kitandani nikawa kaka yake tu. Sauti ilisogea mbali kidogo, ikawa inasema kama mtu aliye chumba cha pili. Kazi ilikuwa imekwisha kupotea.

Masika ya huko yalipofika, kaka yangu mkubwa, Asende, alitoka Columbus kuja kutuchukua. Alikuwa na kibarua cha kusafisha nyumba za kupanga za wanafunzi, kule karibu na chuo kikuu. Alisema kwao kuna kanisa lenye nguvu na vidonge ni vya watu wasio na Mungu. Mimi nilikuwa nimechoka kutoa mate, nikakubali. Waliniombea kwa upendo, hilo nalishuhudia. Vidonge nikaviacha.

Kiangazi wanafunzi huondoka, na nyumba zile kubwa za mbao hubaki tupu, makochi yametupwa barazani. Siku moja tulikuwa tunasafisha nyumba ya ghorofa mbili, Asende yuko jikoni, mimi nafagia ngazi. Sauti ikanituma juu, chumba cha mwisho. Ndani hamkuwa na kitu ila kiti kimoja kilichotazamishwa ukutani. Nikakikalia. Kilikuwa na joto, lile joto linalobaki mtu anapoinuka. Nyumba ile ilikuwa imefungwa tangu mwisho wa muhula. Dirisha lilikuwa upande wa jua, huenda ni jua tu, na nimejiambia hivyo mara nyingi.

Asende alinikuta hapo jua likiwa limehama, bado natazama ukuta. Alikuwa ameniita nyumba nzima mpaka koo limemkauka. Sauti ya ndugu yangu wa tumbo moja sikuisikia, nilimsikia yule mwingine tu. Alinishika mabega akalia, kisha akakasirika kwa sababu alikuwa amelia.

"Bon," alimwambia Riziki jioni hiyo. "Umupeleke ku hospitali. Na kanisani tusiseme. Batu bataniuliza."

Chumba cha kungojea cha hospitali ya Columbus kilikuwa na tangi la samaki lisilo na samaki, mashine yake ikipuliza mapovu. Riziki alilitazama muda mrefu. Akasema tuondoke mji huu.

Tulihamia Buffalo kwa sababu rafiki yake alimwambia nyumba ni rahisi na Wakongo ni wengi. Riziki akapata kazi ya kuogesha wazee. Hapo ndipo baridi ilipotukamata kwelikweli, theluji ikafika madirishani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi ni watu wawili. Ofisi ya afya ilikuwa na fungu lake la fedha: daktari, vidonge, hospitali. Ofisi ya ustawi ilikuwa na fungu lake: msaada wa nyumbani, usafiri, mambo ya kuishi. Riziki alipowaambia watu wa afya kwamba hawezi kufanya kazi na kunichunga kwa pamoja, walimwambia pole, hilo si tiba. Alipokwenda kwa watu wa ustawi walimwambia mume wako ana mikono na miguu, tatizo lake ni la daktari. Kila upande uliniona nusu, na nusu waliyoiona kila mara ilikuwa ile isiyowahusu.

Wakati huo Riziki hakuwa analala, alikuwa anajilaza tu. Alifunga uzi wa kanga mkononi mwake na mwingine mkononi mwangu, nikijigeuza anaamka. Akienda kazini ananifungia, sauti inanituma, mimi natoka dirishani, jirani anapiga simu, na Riziki anaacha mzee mwenye povu mgongoni kuja kunitafuta kwenye theluji. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka.

"Baba Neema," aliniambia siku moja, amekaa kwenye ngazi na koti lake la kazi. "Donc, miye nitakufa mbele yako. Bosi amesema nikitoka tena katikati ya kazi, basi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha."

Watu wa afya walikuwa wamemwonyesha picha za nyumba moja nje ya mji, ambako wanaume wagonjwa huishi pamoja na wahudumu. Ilikuwa na bustani. Mwanzoni alikataa kuzitazama. Wiki ile nilimwona anazitazama, tena anauliza kama kuna basi la kufika huko. Nilielewa kwamba nikienda sitarudi, na kwamba yeye ndiye atakayetia sahihi. Sikumlaumu. Niliogopa tu, na hofu hiyo haikuwa ya ugonjwa.

Basi nilipokwenda kwa daktari nilijikaza kusema ninachotaka. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, mama Mtanzania mwenye Kiswahili kizuri na adabu.

"Mwambie daktari nataka gadi-maladi," nikasema, "akae na miye mu nyumba bibi akienda kazi."

Mkalimani akaniuliza, "Samahani baba, umesema gadi?"

"Ndiyo, gadi."

"Wa kukaa nyumbani kwako?"

"Nyumbani."

Akasema Kiingereza. Niliona uso wa daktari unabadilika. "Baba, daktari anauliza, kuna mtu unamwogopa?"

Nikaifikiria sauti. "Yuko."

"Huwa anaingia ndani?"

"Anaingia."

"Umewahi kumwona uso?"

"Hapana," nikasema, na nilifurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza swali la maana.

Daktari aliongeza dawa. Akawapasha habari watu wa ustawi, na mara hii, ajabu, wakatenda haraka. Kabla ya wiki kwisha alikuja fundi na ngazi, akatufungia kamera mbili, moja mlangoni na moja sebuleni, na kidude cheupe cha kuwekwa mezani. Riziki alimuuliza gadi-maladi anakuja lini. Fundi alitabasamu akaonyesha kidude.

Mtu akipita, kidude kilisema. Kilikuwa na sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza. "Kuna mtu sebuleni." Nilipoisikia mara ya kwanza nilimjua papo hapo. Si kwamba ilifanana, ilikuwa ni yeye wa ghalani. Nikamjibu "redi" kabla sijajizuia.

Mchana mmoja, theluji ikianguka bila upepo, tulikuwa jikoni sisi wawili tunakula, mlango wa nyumba umefungwa kwa komeo. Kidude kikasema kuna mtu sebuleni. Niliendelea kumega bugali, kwa sababu nilidhani nimesikia peke yangu. Nilipoinua macho Riziki alikuwa ameacha kutafuna.

"Hiyo nimesikia," akanong'ona.

Hatukuinuka. Kikasema tena. Mwishowe Riziki alikwenda akiwa ameshika mwiko, akang'oa waya, akakileta kidude jikoni akakifungia ndani ya oveni. Hakujua kina betri. Tukakaa mezani, na kutoka ndani ya oveni kikatuambia, kwa utulivu uleule, kwamba kuna mtu sebuleni. Fundi alisema baadaye kwamba ni pazia lililokuwa likipeperushwa na hewa ya hita. Inawezekana, lakini Riziki alilitoa pazia hilo akalitupa, na wiki iliyofuata mimi nilikuwa tena nyuma ya mlango wa hospitali, mara ya tatu, nikiwa mzito kwa dawa mpaka siwezi kumeza.

Ni hapo, kwenye ukumbi wa hospitali, mfanyakazi mmoja alipomwambia Riziki kuna mpango wa majaribio. Wanachukua fungu la mgonjwa la afya na fungu lake la ustawi, wanayaweka kwenye chungu kimoja, na mgonjwa mwenyewe, akisaidiwa, anasema kitumike kwa jambo gani. Riziki hakuamini. Alijaza jina langu kama mtu anavyocheza bahati nasibu.

Aliyekuja kwetu anaitwa Bi Denise, mama mweusi wa hapohapo Buffalo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hakutumia simu. Alikuja na mkalimani wa miguu miwili, Mrundi anayeitwa Metodi aliyekulia Uvira, kule kwetu Kongo, kwa sababu alisema anataka mtu atakayeuona uso wangu. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji machafu yanatiririka barabarani. Walikaa, wakakubali chai.

"Madamu anauliza hivi," akasema Metodi. "Yule mlinzi unayeomba tangu mwaka jana, unataka akukinge na nani?"

"Mlinzi gani?"

"Walinzi. Askari. Wanasema ndicho kitu unachokiomba kila mara."

"Miye? Askari nimupeleke wapi? Niliomba gadi-maladi!"

Metodi aliweka kikombe chini. Akafunika macho kwa kiganja, mabega yakaanza kumtetemeka, akacheka mpaka machozi yakapita katikati ya vidole. "Gadi," alisema. "Gadi! Mungu wangu." Bi Denise alimtazama yeye, akanitazama mimi. Nami nilianza kucheka, mara ya kwanza tangu Shively, kicheko kikiniuma mbavu. Riziki hakucheka. Alikwenda kwenye sinki akafungua maji.

"Bamemuongezea dawa juu ya neno," alisema bila kugeuka. "Nimetaka kumupeleka kule nje ya muji juu ya neno."

Metodi akaacha kucheka, akamweleza Bi Denise yote, pole pole, jinsi mkalimani wa simu alivyosikia mlinzi pale nilipoomba mtu wa kumuuguza mgonjwa. Yule mama akatuambia kwamba naye aliwahi kulazwa, ujanani, wodi ya namna hiyohiyo. Mama yake alikuwa anakuja na gari, analiegesha pale linapoonekana dirishani, anakaa ndani yake mpaka giza liingie.

"Kumbe nao bana gadi-maladi," akasema Riziki, akajifuta mikono.

Bi Denise alijibu kwamba walikuwa naye, ila hawakuwahi kumpa jina.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, usidhani. Mezani alikaa mtu wa afya, akaenda na kurudi kwa wakubwa wake akiuliza ni tiba gani hii. Mtu wa ustawi aliuliza huyo mtu atakuwa anafanya nini hasa kila saa. Mke haruhusiwi kulipwa, wakasema, hilo ni marufuku. Bi Denise alirudia swali moja tu kila mara: nini kitamfanya huyu bwana abaki nyumbani kwake? Tukaliandika kwa namna ambayo pande zote mbili ziliweza kulimeza. Kamera ziondoke. Nipate usafiri wa kwenda mazoezi ya kwaya. Daktari aanze kupunguza dawa kidogo kidogo. Na kwa saa ambazo Riziki yuko kazini, nipewe gadi-maladi, tukaliacha neno hilo kwa Kiswahili chetu.

Tulimchagua Mama Sifa, mjane wa kanisani kwetu, aliyeachishwa kiwandani kwa ajili ya magoti. Ana sauti ya kuvusha mto na hupenda kutazama mahakama za kwenye televisheni ingawa haelewi hata neno. Siku yake ya kwanza alitoka chooni akanikuta nimesimama mlangoni, koti mkononi.

"Baba Neema, uko naenda wapi?"

"Ananituma," nikasema.

Nilingoja aulize nani. Wote huuliza nani. Yeye aliuliza, "Anakutuma wapi?"

"Ku kituo cha basi."

Akaninyang'anya koti, akalivaa yeye. "Mugonjwa hatumwi. Gadi-maladi anakula mushahara wa nini? Kaa. Nitaenda miye."

Nikamwona dirishani anavuka barabara na ndala zake juu ya soksi. Akasimama kituoni, akatazama kulia na kushoto, akaangalia hata nyuma ya bango. Akarudi akihema. "Nimefika," alisema. "Hakuna kitu kule." Sauti ikanyamaza. Ilikuwa imetuma, mimi sikwenda, na bado ikanyamaza. Nilikaa kwenye kochi nikalia kwa ahueni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi masika na kiangazi. Mama Sifa alikwenda nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kanisa, chini ya daraja la reli, akirudi na kulalamika magoti. Daktari aliniuliza kama jambo hilo haliupi ugonjwa nguvu. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nawe usinikopie bila kumuuliza wako. Najua tu kwamba wito ulipungua, nikaanza kufunga vifungo mwenyewe, na Riziki hakutoka kazini katikati hata siku moja.

Siku moja tu ndiyo sijaielewa. Majani yalikuwa yanaanguka tena. Sauti ilinituma chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba ambako kulikuwa na mashine ya kufulia. Mama Sifa akashuka. Nikasikia magoti yake ngazi kwa ngazi, halafu kimya. Halafu nikamsikia anasalimia. Ilikuwa salamu ndefu, ile tunayompa mtu aliyetuzidi umri, na baada ya kila neno alitulia kama anayepokea jibu. Alipopanda alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaomba ufunguo, akafunga.

"Huko usinitume tena," alisema.

Kesho yake alileta kufuli lake mwenyewe, kubwa. Nguo sasa tunafulia nje, kwenye mashine za kulipia. Sijamuuliza, naye hajasema.

Kama uko kwenye kiti kile kigumu, nakuomba mambo machache tu. Mwambie mkalimani akurudishie kwa Kiswahili alichokisema kwa Kiingereza, hata akiona unamsumbua. Usikubali ofisi mbili zikujadili kila moja chumbani mwake, omba zikae meza moja nawe uwepo. Na ukiulizwa unahitaji nini, usitafute neno la kitabibu. Sema lile la kwenu, kisha ulieleze mpaka walielewe.

Sijapona kama anavyopona mtu wa malaria. Baridi hii ya pili ya mpango wetu, sauti ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuja, nikaanza kujisahau. Jumamosi moja Riziki alirudi kutoka zamu, akavua viatu, akaenda chumbani moja kwa moja. Mimi na Mama Sifa tulikuwa jikoni tunakula wali na maharage. Nje theluji ilikuwa imefunika magari yote, hakuna hata mtu mmoja aliyepita.

Ikaja, karibu kabisa na sikio. Safari hii haikunituma. Ilinipa habari. Ilisema mke wako hapumui.

Haikuwahi kumtaja Riziki, miaka yote hiyo. Nikaweka kijiko chini. Nikiinuka, nimeitii. Nisipoinuka, na kama ni kweli? Nilimwambia Mama Sifa ilichosema, na kwa mara ya kwanza hakuharakisha. Alitazama mlango wa chumbani. Nikaona kwamba naye anaogopa. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, akajiinua, akaenda.

Alifungua mlango akaingia. Nilisubiri. Sikusikia kitu, hata hatua zake. Nilishika ukingo wa meza nikamwomba Mungu anisamehe kila kitu, pamoja na ile siku niliyochekea neno wakati mwenzangu analia kwenye sinki.

Mama Sifa akatoka, akauacha mlango wazi kabisa makusudi, ili nisikie mwenyewe. Riziki alikuwa anakoroma. Alikuwa chali, mdomo wazi, mikono ameitupa huku na huku kitanda kizima, anakoroma kwa nguvu mpaka dirisha linajibu. Mkononi hakuwa na uzi.

Mama Sifa akakaa, akavuta sahani yake.

"Amelala," alisema. "Kula, maharage inapoa."

Nikala taratibu, nikimsikiliza mke wangu.